Kengele ya Sukari Inapolia, Je, Tuiamini?

Somo la robo hii kwa kamati za afya za sharika na kwa wahisani wetu



Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililozaa somo hili.

Miaka michache iliyopita marafiki wa usharika mmoja wa nje waliniuliza wangewezaje kumsaidia binti wa miaka 12, mtoto wa mmoja wa washarika wetu hapa Tabora, anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza. Waliandika kwamba kwao watoto wa aina hiyo hubandikwa kifaa kidogo mkononi kinachopima sukari usiku na mchana, na sukari ikipanda simu hulia kengele. Niliwajibu siku hiyo hiyo kwamba tunakihitaji. Kifurushi kikafika kikiwa na vitambuzi 6 na simu iliyokwisha kutumika. Tulishukuru, tukapiga picha, tukamkabidhi mama wa mtoto. Sikuuliza ni nani atakayemfundisha, wala sikuomba hata boksi moja la stripu za kupimia kidoleni.

Usiku wa kwanza, saa saba, simu ililia. Kwenye kioo iliandika 302. Mama yule alizoea namba za kliniki, yaani 7, 9, au 13 siku mbaya. Hakuwahi kuona mia tatu. Tulikuwa tumemwambia neno moja tu, kwamba ikilia ujue sukari imepanda. Akavuta insulini kwenye bomba la sindano. Bibi wa mtoto ndiye aliyesema wamwite kwanza nesi wa zahanati, ambaye ni jirani. Nesi alikuja na mashine yake, akasema, "Mama, hebu tuoshe kwanza mikono ya mtoto." Wakamwosha, wakamfuta, wakamtoboa kidole. Mashine ilisoma 9.6. Mtoto alikuwa amechomwa dozi yake ya jioni saa chache tu zilizopita. Dozi nyingine juu yake ingeweza kuishusha sukari akiwa usingizini, na sukari ikishuka sana usiku huweza kuua.

Wiki ya tatu yakatokea ya kinyume chake. Umeme ulikatika tangu jioni, simu ikazimika, hakuna kengele iliyolia. Asubuhi mtoto alikuwa anatapika na tumbo linamuuma. Jirani mmoja alisema ni malaria. Nesi yule yule alipima malaria, akapima na sukari. Sukari ilikuwa 27. Mtoto alifikishwa hospitali mapema, akapona, na leo yuko sekondari. Lakini ilibaki kidogo tu.

Kengele moja ililia pasipo hatari, na nyingine ilinyamaza penye hatari. Tujifunze sababu za yote mawili, kisha tuone kamati na mhisani wanapaswa kufanya nini kabla ya kifurushi kingine kufika.

1. KIFAA HIKI HUPIMA NINI

Mashine ya kidole hupima tone la damu. Kitambuzi kinachobandikwa mkononi au tumboni hakipimi damu. Kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na hupima sukari iliyomo katika majimaji yanayozunguka chembe za mwili. Sukari huanza kubadilika kwenye damu, ndipo mabadiliko hayo yafike kwenye majimaji. Kwa kawaida huchukua dakika 5 hadi 10, na wakati mwingine zaidi. Ni kama kuulizia treni. Ukiambiwa imeondoka Itigi, habari ni ya kweli, lakini kwa wakati unaoipata treni haipo tena Itigi.

Kifaa cha kwanza cha aina hii kiliidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 1999. Hakikuwa na kazi ya kumwonya mgonjwa. Kilitunza kumbukumbu za siku chache ili daktari azisome baadaye. Vifaa vimeboreshwa sana tangu hapo. Desemba 2016 mamlaka hiyo iliruhusu kwa mara ya kwanza kifaa kimoja, Dexcom G5, kitumike kuamua dozi ya insulini bila kutoboa kidole kila mara. FreeStyle Libre iliingia Ulaya mwaka 2014 ikiwa haina kengele. Kengele ilikuja na toleo lake la pili.

Ikumbukwe kwamba vifaa hivi vina manufaa ya kweli. Utafiti wa DIAMOND uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia kwa wiki 24 watu wanaojichoma insulini kwa sindano. Waliotumia kitambuzi walishusha kipimo chao cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kwa asilimia 1.0, na waliotumia mashine ya kidole peke yake kwa asilimia 0.4. Hata kijijini Afrika vimejaribiwa, kwa mfano katika wilaya ya Neno nchini Malawi. Kwa hiyo somo hili halisemi tuvikatae. Linasema tujue sauti yake ina maana gani.

2. NAMBA MBILI KWA JAMBO MOJA

Tanzania hupima sukari kwa milimoli kwa lita. Marekani hupima kwa miligramu kwa desilita. Ili kupata kipimo chetu, gawanya namba ya Kimarekani kwa 18. Hivyo 70 ni 3.9 kwetu, 180 ni 10, 250 ni 13.9, na ile 302 iliyomtisha mama yule ilikuwa 16.8. Bado ilikuwa juu, lakini haikuwa mia tatu ya kutisha.

Namba hizi zichanganywe siku moja tu na madhara yanaweza kuwa makubwa. Mtu anayeona 90 kwenye kifaa cha Kimarekani ana sukari ya 5.0, yaani nzuri kabisa. Vifaa vingine huweza kubadilishwa kipimo kwenye mipangilio, na vingine vimefungwa tangu kiwandani. Jambo la kwanza la kukagua kifurushi kinapofunguliwa liwe hilo.

3. KWA NINI KENGELE HULIA PASIPO HATARI

Vitambuzi vya siku hizi hutofautiana na kipimo cha maabara kwa wastani wa asilimia 8 hadi 10 hivi. Tuchukue mtu mwenye sukari ya kweli ya 13. Asilimia 10 ya 13 ni 1.3. Kifaa kinaweza kusoma 11.7 au 14.3, na kote huko kikawa kinafanya kazi kama kilivyotengenezwa. Ikiwa kengele imetegwa kwenye 13.9, mara moja italia na mara nyingine itakaa kimya, ingawa sukari ni ile ile. Tena huo ni wastani, na baadhi ya vipimo hukosea zaidi ya hapo. Zaidi ya tofauti hiyo ya kawaida, ziko sababu nyingine.

(a) Siku ya kwanza. Uzi unapoingia chini ya ngozi mwili huwa na kajeraha, na vipimo vya saa 24 za mwanzo huwa havijatulia. Ndivyo ilivyokuwa usiku ule kwa binti yetu.

(b) Baada ya sindano. Insulini inapoanza kuishusha sukari, damu hutangulia na kitambuzi hufuata nyuma. Kengele huendelea kulia wakati sukari kwenye damu imekwisha kushuka. Anayechoma tena kwa sababu bado inalia anapachika dozi juu ya dozi. Insulini ya kawaida ya maji meupe hufanya kazi kwa saa 6 hadi 8, hivyo dozi ya pili itaikuta ya kwanza bado kazini.

(c) Dawa nyingine. Haidroksiyurea, dawa inayowasaidia sana wagonjwa wa selimundu, huvifanya vitambuzi vya Dexcom na Medtronic visome juu kuliko ukweli. Kwetu Tanzania, ambako selimundu si ugonjwa wa kigeni, hili lisisahaulike. Vitamini C zaidi ya miligramu 500 kwa siku huipandisha namba ya Libre 2. Parasetamo iliwahi kupandisha namba za baadhi ya vitambuzi vya zamani, na vya kisasa navyo vina kikomo cha dozi kilichoandikwa kwenye kijitabu. Usimwachishe mgonjwa dawa yake. Mweleze tabibu ni kifaa gani anatumia.

(d) Kasoro ya kiwandani. Julai 2024 kampuni ya Abbott iliwatangazia watumiaji wa Marekani kwamba baadhi ya vitambuzi vya Libre 3, vya matoleo matatu, vingeweza kusoma sukari kuwa juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo namba ya toleo iliyo kwenye boksi itunzwe, boksi lisitupwe.

(e) Kengele iliyotegwa chini mno. Mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kuwa mgonjwa wa kawaida ajitahidi sukari yake ikae kati ya 3.9 na 10.0 kwa zaidi ya asilimia 70 ya siku. Hilo ni lengo la matunzo. Halina maana kwamba kengele itegwe kwenye 10. Ikitegwa hapo, kwa mtoto ambaye bado anatafutiwa dozi itapiga kelele baada ya kila ugali.

Wazee wetu wa njia ya misafara wanalielewa hilo. Misafara iliyopita hapa Unyanyembe kati ya Bagamoyo na Ujiji iliongozwa na kirangozi, na mlio wa baragumu uliwaambia wapagazi kitu fulani. Kama baragumu ingepigwa kwenye kila kivuli cha mwembe, nani angenyanyua mzigo wake alipoisikia? Ndivyo familia inavyochoka. Wiki ya kwanza wanaamka wote, wiki ya nne mtu anaizima huku amefumba macho. Kiwango cha kengele kipangwe na tabibu pamoja na familia, kisha kishushwe polepole kadiri sukari inavyotulia.

4. KWA NINI KENGELE HUNYAMAZA PENYE HATARI

Hili ndilo lenye hatari zaidi, maana ukimya hauonekani. Familia inalala ikiamini kwamba kifaa kinakesha.

Sababu ya kwanza ni simu. Vifaa vingi hupeleka habari kwenye simu iliyo karibu, kwa kawaida mita 6 hadi 10 pasipo ukuta katikati. Simu ikiwa chumba kingine, ikiwa imezimwa sauti kwa ajili ya ibada, ikiwa imeishiwa chaji au imejisasisha yenyewe ikafuta ruhusa ya programu, kengele haitalia. Februari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili hili, kwamba mipangilio ya simu ilikuwa inawakosesha wagonjwa kengele za hatari. Kama hilo linatokea kwenye umeme wa uhakika, sisi wa sola na jenereta tujihadhari mara mbili.

Sababu ya pili ni kifaa chenyewe. Mwaka 2016, na tena mwaka 2025, vipokezi vya Dexcom viliingia katika utaratibu wa kurekebishwa au kurudishwa kwa sababu spika zake zingeweza zisitoe sauti. Mwishoni mwa Novemba 2019 mtambo wa kampuni hiyo uliokuwa unawapelekea wazazi habari za watoto wao ulikwama, na wazazi waliozoea kuamshwa hawakuamshwa. Novemba 2025 Abbott ilitangaza kwamba baadhi ya vitambuzi vya Libre 3 na Libre 3 Plus vilikuwa vinasoma chini kuliko ukweli. Taarifa hizo zilitaja vifo 7 duniani vilivyohusishwa na kasoro hiyo. Kitambuzi kinachosoma chini hakitapiga kengele ya sukari kupanda hata ifike wapi. Kibaya zaidi, humfanya mgonjwa ale sukari au aache sindano.

Sababu ya tatu ni mwili na mazingira. Sukari inapopanda kwa kasi, kitambuzi bado kiko nyuma. Jasho la joto la Oktoba hulegeza gundi na kifaa kikabanduka nusu. Tena kitambuzi kina siku zake, kwa aina nyingi 10 hadi 15, na zikiisha hunyamaza.

Tahadhari moja iongezwe hapa. Zinauzwa saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi kabisa. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilisema haijaidhinisha hata kimoja cha aina hiyo kinachopima sukari chenyewe. Mhisani asitununulie, na sisi tusinunue.

5. MASHINE YA KIDOLE NAYO INA MASHARTI YAKE

Tunasema thibitisha kwa kidole. Lakini kidole nacho hudanganya kikichezewa. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013 kinataka mashine nzuri isitofautiane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 katika vipimo 95 kati ya 100, kwa sukari ya 5.6 na kuendelea. Hiyo ni kwa kidole kisafi na stripu nzima.

Sisi ni watu wa maembe na asali. Mtoto aliyemenya embe chini ya mwembe, au aliyelamba asali ya Sikonge, ana sukari kidoleni ambayo haimo mwilini. Watafiti wa Japan walichapisha mwaka 2011 jaribio ambalo watu wenye afya walimenya matunda kisha wakapimwa. Vidole ambavyo havikuoshwa vilitoa namba za juu za uongo, na kufuta kwa spiriti hakukutosha. Waliooshwa kwa maji ya bomba walisomeka sawasawa. Kwa hiyo maji na sabuni kwanza, kisha kukausha vizuri, maana maji yaliyobaki nayo huchuja damu na kushusha namba.

Upungufu wa damu huzifanya mashine nyingi zisome juu kuliko ukweli. Katika mkoa wenye malaria na selimundu, mtoto mweupe viganjani anapaswa kutazamwa zaidi ya namba yake. Stripu nyingi hutakiwa zisizidi nyuzi joto 30, na stoo yenye bati tupu huvuka hapo kirahisi mchana wa Oktoba. Ziwekwe mahali pa kivuli, penye hewa, ndani ya kikopo chake kilichofungwa. Chungu chenye mchanga mbichi kinafaa kupoza insulini, lakini stripu zisitiwe humo kwa sababu unyevu huziharibu. Tarehe ya kwisha matumizi isomwe kila boksi linapofunguliwa.

Mwisho, mashine ikiandika HI haijaharibika, wala haisalimii. Kwa mashine nyingi maana yake sukari imepita 33.3, kiasi ambacho haiwezi kuhesabu. Huyo ni mgonjwa wa kwenda hospitali sasa hivi.

6. KENGELE IKILIA TUFANYE NINI

Utaratibu huu ubandikwe ukutani nyumbani kwa mgonjwa na zahanati. Tabibu anayemhudumia mgonjwa ajaze namba za mgonjwa wake.

Kwanza, mtazame mtu kabla ya kioo. Je, anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa kasi na kwa kina, pumzi ina harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, amelegea au haeleweki anachosema? Kama ndiyo, apelekwe hospitali mara moja, namba yoyote iwayo. Hata kipimo cha malaria kikionyesha kuwa anayo, sukari ipimwe vile vile. Watoto wengi wa Afrika wenye kisukari hupotea kwa sababu dalili hizi hudhaniwa kuwa malaria peke yake.

Pili, osha mikono ya mgonjwa, kausha, toboa kidole, linganisha. Fanya hivyo hasa siku ya kwanza ya kitambuzi, namba isipolingana na hali ya mtu, na kila unapokuwa na shaka.

Tatu, angalia saa. Amechomwa lini mara ya mwisho, na amekula lini? Dozi ya nyongeza isitolewe ila kwa mpango ulioandikwa na tabibu. Pasipo mpango na pasipo stripu, piga simu kwanza.

Nne, kidole kikithibitisha kuwa imepita 14 hivi kwa mgonjwa wa aina ya kwanza, pima ketoni kwenye mkojo, mpe maji ya kunywa, usiache insulini yake ya kawaida, na rudia kipimo baada ya muda ulioelekezwa na tabibu. Ketoni zikiwapo kwa wingi, au sukari isiposhuka, ni safari ya hospitali. Mgonjwa asiachwe peke yake.

Tano, andika kwenye daftari saa, namba ya kitambuzi, namba ya kidole na kilichofanyika. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha tabibu kama kengele imetegwa vizuri.

7. KABLA YA KUOMBA NA KABLA YA KUTUMA

Tufanye hesabu ambayo mimi sikuifanya. Kitambuzi cha siku 14 kinahitajika mara 26 kwa mwaka. Cha siku 10 kinahitajika mara 37. Vitambuzi 6 tulivyopokea vilikuwa vya siku 84, yaani chini ya miezi mitatu. Baada ya hapo familia iliyozoea kuamshwa na simu ilirudi gizani, ikiwa imesahau nusu ya yale iliyokuwa inayajua kabla.

Tulinganishe na stripu. Mtoto akipimwa mara tatu kwa siku, mwaka mzima ni stripu 1,095, sawa na maboksi 22 ya stripu 50. Ni msaada usiopendeza kwenye picha, lakini ni msaada unaokesha. Hivyo basi, ombi letu kwa wahisani ni hili. Kama fedha haitoshi kwa kitambuzi cha mwaka mzima pamoja na stripu za kuthibitishia, tumeni stripu, insulini ihakikishwe, na nesi agharimiwe mafunzo. Kama inatosha kwa yote, tumeni, nasi tutapokea kwa furaha.

Aidha, vifaa tiba vya msaada vinahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kabla ya kuingia nchini. Visitiwe kwenye sanduku la mgeni kama zawadi ya pipi. Tuulizane pia kama programu ya simu itakubali kusajiliwa Tanzania, kama kipimo chake kinabadilika kuwa milimoli, na joto lake la kutunzia ni lipi. Kila mgonjwa anayepewa kifaa awe ameandikishwa kwenye kliniki ya kisukari, kwa mfano katika hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete au nyingine iliyo karibu naye. Kamati haipangi dozi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayepanga dozi yupo, anafikika, na anajua kifaa kimefika.

Kengele ni mwito wa kwenda kuangalia, na mwito unahitaji mtu wa kuuitikia. Usiku ule mtoto hakuokolewa na kifaa cha gharama kubwa. Aliokolewa na bibi aliyesema tuulize kwanza, na nesi aliyekuja na sabuni na stripu moja. Tukiweza kuwa na hao wawili karibu na kila kitambuzi, basi na tukiombe, maana kitafanya kazi yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika usharika wetu ni wangapi wanaoishi na kisukari cha aina ya kwanza, na ni nani anayejua wanakoishi?

2. Stripu zetu zinatunzwa wapi saa nane mchana? Nani aliyesoma tarehe zake mara ya mwisho?

3. Mtoto akitapika usiku, nani ana mashine ya sukari, na usafiri wa kumfikisha hospitali unatoka wapi?

4. Je, kuna mgonjwa wetu wa kisukari anayetumia haidroksiyurea au anayeugua upungufu wa damu? Tabibu wake anajua anatumia kipimo gani?

5. Tukiahidiwa vitambuzi kesho, tutamwomba mhisani nini kingine kabla ya kusema asante?

Majibu ya swali la tano yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na yaletwe ofisi ya miradi ya dayosisi. Barua yangu inayofuata kwa marafiki wa nje nitaiandika nikiwa nayo mezani.

Mratibu wa Miradi